Viti vya Matanga na Mizigo ya Mtoni

Nilirudi kutoka Kibera jioni moja nikakuta viti vya plastiki vimepangwa nje ya mlango wangu, na majirani wamekaa kunisubiri wanipe pole. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Nirudi nyuma kidogo. Ninaishi Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, katika ploti ya vyumba vya mabati vinavyotazamana, kamba za nguo katikati. Ninaandikia redio na magazeti, kazi ya hapa na pale. Mwezi huo kampuni moja inayopeleka watu mtoni ilinialika kwenye safari ya siku nne: kushuka mto Tana kwa boti za mpira, na kulala kwenye mahema kando ya maji. Wao walitaka makala. Mwishoni mwa ujumbe wao walisema ninaweza kuja na mtu mmoja.

Huyo mtu mmoja alinisumbua kuliko mto wenyewe. Nilipitisha kidole kwenye majina yaliyo kwenye simu: watu wa kazi, mafundi, mtu wa gesi, watu ambao ningeweza kuwahoji lakini nisingeweza kuwaomba siku nne. Nikasimama kwenye jina la mdogo wangu wa kiume.

Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, yuko Kisumu Ndogo, Kibera. Kutoka kwangu si mbali. Tulikulia karibu na mto Nzoia. Yeye aliogelea kabla hajaanza shule, na mama alimchapa kila alipotoka mtoni; mimi hadi leo siwezi. Tangu tumzike mama, mwaka uliotangulia, tulikuwa tukitumiana salamu za sikukuu na picha za maua zenye aya za Biblia, ambazo hakuna kati yetu aliyeziandika. Hatukugombana. Kama tungegombana, ningejua pa kuanzia.

Basi nikaanza kufungasha mizigo ya watu wawili. Kampuni ilisema nguo zisiwe za jinzi wala za pamba nzito, kwa sababu zikilowa hazikauki, na viatu viwe vya kufunga, maana ndala huchukuliwa na maji. Soko la Toi nilipata mifuko miwili ya kulalia, ya mitumba, zipu zote nzima. Mmoja ulikuwa na harufu ya kabati la watu wengine. Niliifua yote miwili, pamoja na begi langu kubwa jeusi, nikaanika kwenye kamba za ploti, kisha nikaenda Kibera.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya geti la mteja wa mtaa wa Nyayo Highrise, miwani myeusi usoni. Hakuzima mashine mpaka alipomaliza mstari aliokuwa akiuchomelea.

"Niaje, sista. Kuna nini?"

"Kwani lazima kuwe na kitu?"

"Wewe hujakuja bure."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akigongagonga chuma kwa nyundo ndogo. Alicheka mara moja.

"Yaani mnapandishwa boti ya mpira, mnarushwa kwa mawe, mnatoka, mnalala nje. Na hiyo ndio raha?"

"Wanasema."

"Na hujui kuogelea."

"Nitavaa jaketi la kuelea."

"Jaketi." Akavua miwani, akanitazama. "Mathe angekuwa hai, leo angekuchapa wewe, si mimi."

Sikuwa nimemsikia akimtaja mama tangu siku ya mazishi. Nilingoja aendelee. Akarudi kwenye chuma chake. Nikamuuliza anavaa kiatu namba ngapi, ili nimnunulie vile vya kufunga, nikaona aibu kidogo kwa kutojua.

"Nane. Ama tisa. Inategemea kiatu."

"Utakuja?"

"Wacha nimalize hii geti."

"Tunaondoka kesho kutwa asubuhi. Gari litatuchukua pale steji ya kwangu."

"Nimeskia, sista."

Hakusema ndiyo wala hapana. Nimehoji watu wengi, na najua jibu ambalo si jibu linavyosikika. Hata hivyo nilipita kwa muuza viatu, nikanunua namba tisa.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakuta vile viti. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu, mama anayeuza dagaa wa omena na mboga, alisimama akanikumbatia kabla sijaweka viatu chini.

"Pole, dada. Pole sana. Safari hii hatukubali uende peke yako."

Mama yetu alipokufa sikumwambia mtu yeyote kwenye ploti. Nilifua lile begi jeusi, nikafungasha, nikaenda. Walijua niliporudi nimenyolewa nywele. Hawakuniuliza lolote, lakini kumbe hawakusahau. Kwetu mtu hafungashi begi kubwa katikati ya mwezi, na si Desemba, isipokuwa amefiwa au anahama kimyakimya. Waliona begi lile lile kwenye kamba, wakajumlisha.

"Hakuna msiba," nikasema. "Ninaenda mtoni."

"Kwa nani huko?"

"Si kwa mtu. Ni matembezi. Tutapanda boti, tulale kwenye hema."

Mwenye ploti, mama mzee aliyezaliwa papo hapo Kawangware wakati bado palikuwa mashamba, alikuwa kwenye kiti cha kwanza.

"Mimi nilifikiria unahama na kodi yangu," akasema, na wote wakaangua kicheko.

"Kulala nje na nyumba unalipia!" jirani mmoja akadakia.

"Si ungelala tu hapa korido, tukumwagie maji?"

Chai ilikuwa imeshapikwa, kwa hiyo hawakuondoka. Aliyekuwa ametayarisha maombi ya kufariji aliyageuza papo hapo: "Baba, huyu anaenda kwenye maji kwa kupenda kwake. Wewe unajua ni kwa nini, sisi hatujui." Nikasema amina. Nilikaa katikati yao, nikanywa chai ya matanga ya mama, karibu mwaka mzima baada ya kumzika.

Mama wa omena alinisaidia kuanua. Akashika mfuko wa pili wa kulalia.

"Na huu ni wa nani?"

"Wa ndugu yangu."

"Una ndugu hapa Nairobi?"

"Yuko Kibera."

"Na hatujawahi kumwona!"

"Mtamwona kesho kutwa," nikasema, kama mtu aliyeahidiwa.

Giza lilipoanza kuingia kila mmoja alibeba kiti chake. Zikabaki alama za miguu ya viti kwenye udongo, mbele ya mlango wangu tu.

Asubuhi ya safari nilimpa mama wa omena ufunguo wa chumba. Alinisindikiza hadi steji, akisema anaenda sokoni, ingawa soko liko upande mwingine. Gari lilikuwa limeshafika. Begi jeusi lilikuwa miguuni pangu, limebeba vitu vya watu wawili. Vile viatu namba tisa nilivitoa nikavishika mkononi.

"Madam, kuna mtu tunangoja?" dereva akauliza.

"Ndiyo."

"Mpigie," mama wa omena akasema.

Nikampigia. Simu yake haikuwa imezimwa. Ilikuwa ikiita.