Ng'ombe kwa Wakili

Nilipoamua binti yangu aache jina la ukoo wa baba yake atumie la baba yangu, nilidhani ni kwenda kwa wakili Tukuyu, tusaini, basi. Baba akagoma. Kwetu Kyimo mtoto ni wa waliotoa ng'ombe, na ng'ombe wa mahari yangu walikuwa bado zizini kwake.

"Siwezi kumpa mtoto jina langu huku nakula cha watu. Angalau mmoja arudi."

Siku ya kusaini akamfunga kamba mtamba mmoja wa uzao wa ng'ombe wale, tukamswaga kwa miguu hadi mjini, binti yangu mbele akiimba, mimi nyuma nimejifunika kitenge kwa aibu. Pale ofisini mtamba akala maua yote. Wakili alitoka kufoka, akaishia kushika mbavu kwa kicheko.

Mtalaka wangu, niliyempigia simu mwezi mzima hapokei hadi nikamtuma dada yake, alifika amechelewa. Alipomwona mtamba akasaini upesi.

"Mzee, mimi nimepanga chumba Mbeya. Ng'ombe nitamlaza wapi? Mwachie mtoto."

Njiani binti yangu akauliza jina lake la zamani sasa litakuwa la nani. Kabla sijajibu, akampa ng'ombe. Tulicheka mpaka nyumbani, baba akijifuta machozi kwa ile kofia yake ya kanisani.

Sasa ng'ombe ana ndama. Kila jioni baba huliita jina lile kule migombani. Siku hizi likiitwa, linaitika.