Vidole Vitatu vya Tabibu Xun

Mume wangu alianza kula tena siku ileile alipojaribu kumnyonga tabibu wake.

Si mfano. Alimkaba shingo kwa mikono miwili, mimi nikiwa nimesimama pale pale, hadi uso wa mzee wa watu ukawa rangi ya biringanya.

Na mzee hakujitetea. Mikono yake ilikuwa imelala kando ya mwili, kama mtu anayepimwa suti.

Nimechelewa kuyaandika haya kwa sababu nilitaka kwanza niyaelewe. Bado kuna sehemu moja imenishinda. Nitaifikia.

Naitwa Xiuqin. Naishi Bozhou, China, na kazi yangu ni kupima mizizi ya dawa. Gunia la dawa likifika sokoni, nakata kipande, nakisaga, nakitia kwenye mashine, na mashine inaniambia kilichomo. Kama imefukizwa kwa salfa ili ipendeze macho, najua. Kama wamechanganya na mizizi ya porini isiyo na kazi, najua.

Kwa hiyo dawa za kwetu nazijua kwa upande wa mashine. Ule upande mwingine, wa mti na moto na udongo kukaa ndani ya tumbo la mtu, nilikuwa nauchukulia kama hadithi za kumlaza mtoto.

Mume wangu, Geng Laifu, alikuwa dereva wa kreni kwenye ujenzi wa maghala nje ya mji. Aliyekuwa chini, anayefunga mizigo na kumpa ishara kwa mkono, ni rafiki yake tangu shuleni, Pang Zhong.

Asubuhi moja waya wa chuma ulikatika, na mzigo wa nondo ukamwangukia Pang. Walimtambua kwa viatu.

Wakaguzi walikuja. Wakasema waya ulikuwa umechakaa, dereva hana kosa. Lakini mzigo ukiwa hewani hakuna ruhusa ya mtu kusimama chini yake, na aliyekuwa akiwafukuza watu pale kila siku, kwa matusi, ni Pang mwenyewe.

"Kwa nini alisimama pale?" Laifu aliniuliza jioni ile.

Baada ya hapo hakusema tena.

Akawa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia ukisogea hewani. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Alikuwa anavuta kishikio cha kreni. Anausimamisha ule mzigo. Kutwa nzima.

Hakulala. Chakula kilikaa mdomoni hadi nikitoe kwa kidole. Hospitali walimtia mpira wa kulishia puani. Akauchomoa taratibu, bila hasira, damu ikimtiririka hadi kidevuni, kisha mkono ukarudi kwenye kishikio chake.

Daktari hakuzungusha maneno. "Mwili wake unajila wenyewe," aliniambia. "Moyo nao ni nyama. Zamu yake itafika."

Basi hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Ama ale, ama nimzike.

Aliyeleta habari za Tabibu Xun ni mdogo wake Laifu, Laishun. Huyu ni mchinja ng'ombe. Shingo nene, mikono kama mapaja ya watu wengine.

"Shemeji, kuna mzee kule uchochoro wa mizizi. Alimponya mama yake bosi wangu. Bibi alikuwa amekaa kama gogo, haongei."

"Kwa dawa gani?"

"Sijui. Ila sasa hivi anatukana mtaa mzima."

Tukaenda.

Duka la Tabibu Xun lilikuwa dogo, kabati la droo limejaa ukuta mzima. Juu ya meza kulikuwa na kinu cha shaba na mchi wake, mzito kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa mkavu, ndevu chache. Alimwekea Laifu kimto chini ya kifundo cha mkono, akalaza vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho.

Alikaa hivyo mpaka Laishun akaanza kukohoa makusudi.

"Fundo," mzee akasema. "Kuwaza kunakaa tumboni. Kukizidi, tumbo linajifunga, chakula hakina njia."

"Tumbo amepigwa picha," nikamwambia. "Picha ni safi."

"Basi mlishe hiyo picha, binti."

Kisha akamgeukia Laifu, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Wewe ndiye uliyemuua rafiki yako."

Laishun akaruka. "We mzee, una wazimu?"

Nilimkamata mkanda wa suruali. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Laifu, na Laifu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Tabibu alimtazama kama mpishi aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi.

"Lawama hii anaila kila siku," akanung'unika. Akaniuliza: "Amewahi kumpiga mtu?"

"Hata panya hajampiga."

"Hmm. Dawa yake haijaiva. Mlete Alhamisi. Wewe na yeye tu. Huyu fahali abaki machinjioni."

"Fahali mama'ko," Laishun akamjibu.

Alhamisi ni siku ya mnada. Mikokoteni ya magunia iliziba uchochoro, teksi ikakataa kuingia, na Laifu hakuwa na miguu ya kutembea tena. Ikabidi nimpigie simu fahali. Akambeba kaka yake mgongoni, miguu ikining'inia kama ya mwanasesere.

Mlangoni nikamwambia abaki nje. Akakubali. Akawasha sigara.

Mle ndani niliona kitu ambacho sikukielewa. Kinu cha shaba hakikuwepo. Mchi haupo. Chupa za kioo zimeondolewa kwenye rafu, kisu cha kukatia mizizi hakipo, hata birika la chuma halipo. Imebaki meza, viti viwili vya mbao, na mzee.

Nikadhani anahama.

Tabibu Xun alikuwa anakula mbegu za alizeti. Maganda alikuwa anayatemea sakafuni, karibu na viatu vya Laifu. Hakugusa mshipa.

"Nimeulizia huko mtaani," akasema. "Kuhusu yule Pang wako. Kumbe unalilia mlevi."

Mkono wa Laifu ulikuwa unakwenda mbele, nyuma.

"Chapombe kabisa. Asubuhi ile alikuwa amelewa, hajui juu wala chini. Ndiyo maana akasimama chini ya mzigo kama ng'ombe anayesubiri mvua ipite."

Mkono ukasimama.

Nawaambia ukweli, niliuona ukisimama, hewani, katikati. Nilikuwa sijauona umetulia tangu msiba.

"Nyamaza," Laifu akasema.

Sauti ilitoka kama mlango uliofungwa msimu mzima.

"Ninyamaze nini?" Mzee akatema ganda, safari hii likampiga Laifu shavuni. "Nondo zimefanya usafi. Mkewe analala vizuri siku hizi. Mbwa yule, hata..."

Hakumaliza.

Laifu alimrukia juu ya meza. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alishindwa kuinua kijiko. Waliangukia kabati, droo zikachomoka, mizizi ikawamwagikia kichwani. Vidole vya mume wangu vikazama shingoni mwa mzee. Alikuwa anapiga kelele ambayo si neno, mate yanamruka, macho yamemtoka.

Na mzee amelala tu. Mikono kando.

"Laifu! Mwachie!" Nilimvuta kola, shati likachanika, nikabaki na kitambaa mkononi.

Kelele zikamleta Laishun.

Yeye alichoona ni kaka yake mgonjwa yuko chini anagombana, na hilo lilimtosha. Hakuuliza nani kaanza. Alipiga hatua moja, akakanyaga mkono wa kulia wa tabibu kwa kiatu cha machinjioni, kile cha soli ngumu, na akazungusha kisigino.

Nimekata mizizi mikavu miaka mingi. Najua sauti ya kitu kikavu kinapovunjika. Ilikuwa ile ile.

Mzee ndipo akalia. Mlio mwembamba, kwa sababu koo lilikuwa limebanwa.

Laishun akatafuta silaha mezani, hakuna. Rafuni, hakuna. Akanyakua kiti. Pigo la kwanza lilimpata tabibu begani, la pili kichwani, ngozi ikafunguka na damu ikamwagikia machoni. Akakiinua kiti kwa pigo la tatu, na hilo nina hakika lingemuua.

Hapo Laifu aliachia shingo. Akageuka. Na mkono wa kulia, ule ule wa kishikio, ukapaa na ngumi ikatua kwenye mdomo wa mdogo wake.

Jino liliruka. Fahali akakaa chini.

"Mwache!" Laifu akafoka, anahema kama mbwa. "Huyu ni wangu! Nazungumza naye mimi!"

Laishun akashika mdomo, damu inapita kati ya vidole, akamtazama kaka yake kwa mshangao mkubwa.

"Kaka," akasema. "Unaongea."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguliwa.

Aliyetoka ni Qiaozhi, mjane wa Pang. Alikuwa ameukumbatia ule mchi wa shaba kifuani kwa mikono miwili, na machozi yamelowesha kola yake. Alikuwa amejibanza mle muda wote. Amesikia kila neno.

"Inatosha," akasema. "Msimpige. Maneno yale nilimpa mimi."

Nje, wauzaji waliendelea kuita wateja.

"Umpe maneno ya kumtukana Pang?" Laifu akamuuliza. "Wewe?"

"Alikuja nyumbani kuniomba ruhusa. Nikampa." Akafuta machozi kwa bega. "Shemeji, alikuwa amekunywa kweli. Asubuhi ile. Chupa niliificha mimi, nikaenda kuitupa mwenyewe mtoni. Nilitaka watoto wabaki na baba wa heshima."

Laifu akafuta mate mdomoni.

"Alikunywa nyingi?"

"Hakubakiza."

Mume wangu akautazama mkono wake wa kulia, ngozi ya vifundo imechubuka kwa jino la ndugu yake. Kisha akakaa kwenye mizizi iliyomwagika na akalia kama mtu anayetapika, kwa mawimbi, ameshika tumbo. Qiaozhi aliweka mchi chini, akakaa karibu naye. Wakalia wote wawili.

Mimi nilimfunga tabibu kichwa kwa kile kitambaa cha shati. Hoja ni moja: mtu anavuja damu, mengine yote yatasubiri.

Laifu alipomaliza kulia alisema ana njaa. Laishun, na mdomo wake umevimba kama andazi, alikimbia kununua mkate wa nyama ya ng'ombe. Laifu alikula kipande, akatapika, akala kingine. Kile kilikaa.

Tabibu Xun alikataa polisi. Hospitali aliwaambia kabati limemwangukia, na kwa kuwa alikuwa na mbegu za jujube, tunda la dawa, kwenye ndevu, walimwamini.

Nilikwenda kumwona wiki hiyo, mkono umo ndani ya plasta, vile vidole vitatu vya kupimia mshipa vimevunjika.

"Ungekufa," nikamwambia.

"Fundo la mawazo ni udongo uliokauka. Hasira ni mti, ndiyo inayoupasua. Sikuitunga mimi, ilikuwepo kabla ya babu yangu." Akacheka, akashika mbavu. "Na walionitangulia, wapo waliomtibu mfalme hivyo hivyo, mfalme akapona, kisha akawachemsha. Mimi nimelipa vidole tu."

"Ndiyo maana uliuficha mchi."

"Nilimpima mumeo. Nikajua ana nguvu ya kunikaba, hana ya kuniua. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nilikosea kitu kimoja: hasira ya mgonjwa niliipima, ya mzima sikuipima."

Nikamuuliza lile lililonileta. Je, alijua kwamba Pang alikuwa amelewa kweli?

Hapo mzee aliacha kucheka.

"Nilimwomba yule mwanamke anitungie uongo," akasema. "Uongo mchafu kuliko wote, ule utakaomuuma mumeo. Yeye akanipa ukweli, hakuniambia kuwa ni ukweli. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na siku ile dawa iliyokuwa mdomoni mwangu sikuijua."

Hii ndiyo sehemu iliyonishinda.

Kwenye maabara, ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, huwezi kusema kipi kilifanya kazi. Mzee anasema ni hasira, kwa sababu mkono ulisimama na sauti ikatoka kabla ya ukweli kujulikana. Ni hoja nzuri. Mimi nasema mtu aliyekuwa anauliza "kwa nini alisimama pale" alipata jibu, na swali lililojibiwa halihitaji kuwazwa tena. Nayo ni hoja nzuri. Jaribio la kutuamua halipo, maana hakuna anayejitolea vidole vingine.

Laifu anafanya kazi sasa, chini, si juu. Anafunga mizigo na kuwafukuza watu kwa matusi. Laishun ana pengo, na kila siku ya mnada anakwenda kumkatia tabibu mizizi, kwa sababu mzee hawezi tena kushika kisu. Wanatukanana mpaka jioni.

Mshipa siku hizi Tabibu Xun anaupima kwa mkono wa kushoto. Wateja wanalalamika kwamba vidole ni baridi.

Ninyi mnaosoma, msiende kumtukania mtu marehemu wake mkidhani mnamtibu. Mwenyewe aliyesomea hajarudia.

Lakini kama unajua jambo linaloweza kumfungua mwenzako, na umelificha kwa sababu ya heshima ya nyumba, liseme. Kaa naye, mmiminie chai, mwambie kwa mdomo wako.

Usisubiri mtu mwingine aliseme kama tusi, na alipe kwa vidole vitatu.