Mita Saba za Adrien Ntumba

Floribert Mukuka anauza kufuli. Kibanda chake kiko Katuba, hapa Lubumbashi, kando ya barabara, na mlangoni amening'iniza kufuli tatu: mbili za kufunga, na ya tatu haifungi kitu, kazi yake ni kumpotezea mwizi muda. Mke wake, Mama Virginie, amekwisha kumwambia kwamba mwizi wa Katuba hana muda wa kuchezewa hivyo, atabeba kibanda kizima. Floribert hacheki. Akinunua mkate huugeuza autazame chini. Akisalimiwa na mtu mmoja mara mbili kwa siku, hukaa akijiuliza huyo anatafuta nini kwake. Na mgeni yeyote akija na neno lisilokuwa la kununua kufuli, swali la kwanza ni moja tu: nani anakutuma?

Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, ameandika ule msemo wa wakubwa kwa namna yetu ya hapa: YENYE KUKUKULA IKO MU NGUO YAKO. Watu wanaupita kila siku, wamekwisha kuuzoea kama shimo la barabarani.

Usidhani alizaliwa hivyo. Ujana wake alikuwa golikipa wa timu ya taifa ya mpira wa mikono, na kapteni juu yake. Alikuwa mtu wa kucheka, anasema Mama Virginie, tena cheko la kuamsha majirani, mpaka siku aliporudi kutoka kwenye mashindano ya Afrika, miaka ishirini na minne iliyopita. Alirudi na begi lake na neno moja mdomoni: tuliuzwa. Tangu siku ile amelibeba neno hilo, na mtu akibeba kitu miaka yote hiyo, hata kama ni jiwe, ataanza kuona ni mali.

Basi Jumatatu moja, mwezi wa tano, baridi imekwisha kuanza kuuma asubuhi, akafika msichana mwembamba mwenye miwani, daftari kwapani. Akapiga salamu kwa heshima, akamwita Papa. Alisema anasoma chuo kikuu, kule Kasapa, anaandika kazi yake ya kumaliza masomo, juu ya timu ya taifa ya wanaume: ilikwenda wapi, ilicheza na nani, ikafunga ngapi, ikafungwa ngapi.

"Nani anakutuma?" akauliza Floribert.

Msichana akasema hakuna, ni shule. Floribert akadai karatasi ya mwanafunzi. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaukwaruza mhuri kwa ukucha aone kama wino utatoka. Haukutoka. Hata hivyo akamkalisha kwenye kigoda, mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kumwona mikono.

Msichana alifungua daftari, na hapo, lazima niseme ukweli, moyo wa mzee ulilainika kidogo. Mechi zote zilikuwa mle, zimepangwa kwa mstari. Mwaka huu timu ilikwenda, mwaka ule haikwenda, nauli ilikosekana. Hapa walipigwa kwa tofauti ya mabao kumi na tisa bila huruma, pale walishinda kwa bao moja. Floribert alisahihisha mawili matatu, akaongeza jina la mchezaji aliyesahauliwa. Kisha kidole cha msichana kikasimama kwenye mstari mmoja: ishirini na mbili kwa ishirini na tatu, wametolewa, mchezaji namba tisa amefungiwa maisha. Akamwomba Papa amwelezee hapo.

Wee! Hapo alimgusa penyewe. Floribert akaeleza, na alieleza vizuri, maana kwa hadithi hii amefanya mazoezi kuliko aliyofanya golini. Walikuwa wanacheza na wenyeji. Sare ingetosha kuwaingiza nusu fainali, mahali ambapo timu yao haikuwahi kufika. Filimbi ya mwisho imekwisha kulia, imebaki penalti moja, mita saba, mtu na golikipa tu. Mpigaji ni namba tisa, Adrien Ntumba, mkono ambao msimu mzima haukukosa hata penalti moja. Akarusha. Mpira ukapita juu ya goli kama ndege aliyefukuzwa shambani. Na jana yake jioni, Floribert kwa macho yake alimwona Adrien hotelini akinong'ona na mtu mgeni. Unataka nini tena? Akaandika ripoti, kwamba Ntumba alirusha nje kwa makusudi, akatia sahihi wa kwanza, kama kapteni. Wengine wakafuata. Adrien alipoulizwa alikuwa na jibu moja, kwamba mpira ulimteleza, na hilo ndilo lililowachekesha wote.

Tena Adrien alikuwa mtu wa Kasai, na miaka ile, hapa mjini, watu wa Kasai walihesabiwa wageni, hilo peke yake lilitosha kufanya watu watikise kichwa. Floribert anaapa kwamba halikumpitia akilini. Mimi sisemi kitu.

Msichana aliandika yote bila kuinua uso. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, mi niko Abigaïl. Papa Adrien njo baba yangu."

Floribert akasimama. Kumbe! Alijua tangu mwanzo, alijiambia, ingawa hakujua hata kidogo. Akaanza kukusanya kufuli zake mezani kana kwamba ndizo msichana alizokuja kuiba. Abigaïl hakuondoka. Alimweleza taratibu kwamba ligi ya jimbo imejenga kiwanja kipya, Jumapili watakifungua, na wachezaji wote wa zamani wa timu ya taifa wataitwa majina, mmoja mmoja, waingie kiwanjani. Jina la baba yake halimo, kwa sababu ya ile ripoti. Wakubwa wa ligi wamesema aliyeandika ndiye anayeweza kuifuta, na mwisho ni Ijumaa. Baba yake anauza vitabu vya shule kule Kasapa, na miaka yote hii hajakanyaga kiwanja. Watoto wakicheza mpira karibu, anageuza kiti chake.

Floribert akamwambia neno lililofanyika limefanyika, na sahihi yake si chaki ya kufutwa kwa mkono.

Ndipo Abigaïl akatoa simu. Yule mgeni wa hotelini, alisema, alikuwa mfanyabiashara kutoka Mbuji-Mayi, huko kwao Kasai, alimfuata Adrien jioni ile kumwomba nafasi ya kupiga picha za video. Alizipiga. Kanda ilikaa sandukuni mpaka mwaka huu, watoto wake wakaiingiza kwenye simu. Ni sekunde arobaini tu. Floribert alisogea mbio. Miaka ishirini na minne alikuwa akitamani kumwona mwizi akiiba.

Picha ilikuwa ikitetemeka. Adrien amesimama kwenye mstari, anajifuta viganja kwenye kaptula, jasho limezidi. Kisha kutoka upande wa goli letu anatokea golikipa mbio, kijana, kifua mbele, anamtupia mpigaji kitambaa. Adrien anajifuta mikono yote miwili, kwa bidii, kidole kwa kidole. Anakitupa. Anapiga. Mpira unapita juu.

"Ile kitambala ilikuwa ya nini, Papa?" Abigaïl akauliza.

Floribert akaomba aone tena. Akaona tena. Mara ya tatu alishika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na macho. Kitambaa kilikuwa na mistari ya buluu.

Yeyote aliyecheza mpira ule anajua gundi, ile ya kunata ambayo wachezaji hupaka vidoleni mpira usiwatoroke. Kule ukumbini sakafu ilikuwa ya mbao, mpya, na wenyeji walikataza gundi kabisa. Timu ilikuwa imetoka Lubumbashi na mipira ya mazoezi iliyoganda gundi ya miaka, ikabidi isafishwe. Gundi ile haijali maji wala sabuni. Inaogopa mafuta. Na mwenye kusafisha siku zote alikuwa Floribert, kwa sababu golikipa hapendi mpira wa kunata. Alikuwa na chupa ya mafuta ya karanga na vitambaa viwili, kimoja cha mipira na kimoja cha uso. Asubuhi ya mechi alisafisha, akavitia vyote kwenye mfuko mmoja nyuma ya goli.

Alimwambia Abigaïl aende, arudi Alhamisi. Akafunga kibanda saa sita mchana, kufuli mbili, ya tatu akaisahau mfukoni.

Nyumbani alimkuta Virginie akichambua mchicha. Akamuuliza, bila salamu, kitambaa cha mafuta kilikuwa cha rangi gani. Mama wa watu akamtazama. Hakuuliza kitambaa gani, maana wanawake hukumbuka vitu walivyotoa jikoni mwao. Cheupe cha uso, alisema. Cha mistari ya buluu ndicho alichompa kwa ajili ya mafuta, tena hakukirudisha.

Siku mbili alitafuta mlango wa kutokea. Labda video imechezewa, watoto wa siku hizi wanafanya simu iseme uongo. Labda kitambaa kilikuwa kimekauka. Labda Adrien mwenyewe alikibadilisha mfukoni. Kila mlango aliujaribu, yeye muuza kufuli, na kila mmoja ulikataa. Usiku wa Jumatano aliketi kitandani akasema kwa sauti, "Virginie, ni miye." Mkewe alikuwa macho. Alimshika bega, hakumwambia si kitu, kwa kuwa kilikuwa kitu.

Alhamisi hakungoja Abigaïl. Alivaa koti, akaenda ofisi ya ligi, akaandika barua mbele ya katibu: ripoti ile ilikuwa ya uongo, kosa lilikuwa la golikipa. Katibu akapiga mhuri. Nakala moja akaikunja, akaelekea Kasapa.

Adrien Ntumba alikuwa nyuma ya meza yake ya vitabu, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimtambua papo hapo. Hakusimama, hakunyoosha mkono. Floribert alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yakapotea yote isipokuwa matatu manne.

"Adrien, ile kitambala ilikuwa na mafuta. Mi njo nilikupatia. Nilisahabu."

Akaweka barua juu ya meza. Adrien akaisoma. Akaigeuza nyuma. Akaukwaruza mhuri kwa ukucha. Floribert aliuona ukucha ule ukipita, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Arufu ya mafuta niliisikia siku ile ile," Adrien akasema. "Mu mikono yangu."

Floribert akamuuliza, basi mbona hakusema.

"Ku nani? Ulikuwa umekwisha kutia signature. Nilisema mu roho, huyu njo mwenye kutuuza, na sasa anatafuta muntu wa kubebesha. Miaka yote nilijua ni weye."

Floribert akasema hapana, akasema ni kusahau tu, vitambaa viwili, mfuko mmoja, haraka, kelele za watu. Alisema tena, nilisahau, na mara ya pili akalisikia lile neno lilivyo jepesi, neno ambalo mtu yeyote angeweza kulisema. Yeye mwenyewe angelicheka. Alikwisha kulicheka, ukumbini, siku Adrien aliposema mpira ulimteleza.

Adrien aliikunja barua, akaitia ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la tano, juu yake akaweka kingine. Hakusema kama Jumapili atakwenda. Akainua macho, akamtazama kapteni wake wa zamani kuanzia viatu mpaka koti, taratibu, kama mtu anayekagua mkate.

"Nani anakutuma?" akauliza.

Floribert akafungua mdomo. Miaka ishirini na minne amewauliza watu swali hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa jibu naye akaliamini.