Msusi Aliyefuata Kivuli

Msusi wa nyumba mpya za mtaa wa Umoja alisogeza kigoda chake kivuli kilivyosogea, mikono ya blauzi ikimfika viganjani hata siku za joto. Chunjua bapa zilimwenea vidoleni tangu utotoni, lakini vidole vyenyewe vilikimbia kwenye nywele bila kukosea. Mteja mgeni akisita, alimwambia kwa upole, "Hizi hazikuambukizi, mama. Daktari alisema ni ngozi yetu, mimi na kaka yangu; tumeirithi kwa wazazi wote wawili, na jua huidhuru," huku chanuo likiendelea. Siku kaka yake Shitanda alipojifungia ndani na kidonda kisichopona kwenye paji la uso, akisema amerogwa, msusi alimwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu akaenda kuketi naye kitandani. Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akaushika mkono wa kaka yake na kuuweka kwenye kovu ukingoni mwa nywele zake.

"Hii ilikuwa kansa," alisema. "Ilikatwa ikiwa changa, nikarudi kusuka. Yako pia bado changa."

Shitanda alilipapasa kovu lile. "Iliuma?"

"Iliuma. Vaa viatu twende hospitali."

Akavaa.