Upande wa Chini wa Kifuniko

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu. Nilikuwa nimerudi Maganzo likizo ya mwisho ya chuo, nina simu mpya na maswali mengi. Mvi sina hadi leo, lakini kosa la likizo ile limenizeesha kiasi cha kukuita mwanangu.

Shangazi yangu, Mama Kulwa, alikuwa akisuka kapu la nyasi na uzi wa katani, zawadi ya harusi ya binti yake Kulwa, karani wa mizigo kule Isaka. Nyumbani kwetu kapu la bibi harusi hufunikwa kitambaa hadi mama atakapolikabidhi kwa mkono wake. Nikamuuliza, "Kwa nini lifichwe? Kizuri si kionekane?"

"Wewe msomi," alicheka, "hata chungu jikoni kina mfuniko. Kakiulize nacho."

Alipokwenda sokoni, nililitoa kapu mlangoni penye mwanga laini wa asubuhi, nikatandika kanga nyeupe nyuma yake, nikapiga picha. Kifuniko kilikuwa bapa kama sahani, nikakipeleka steshenari kukiskani pande zote mbili ili kila mshono uonekane. Upande wa chini kulikuwa na nyota mbili ndogo, moja nyekundu, moja nyeusi. Niliona urembo tu. Nikaweka zote mtandaoni, na sifa zikamiminika. Ah, sifa! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku ya harusi Shangazi akafunua kitambaa. "Jamani, mama!" Kulwa akashangilia. Lakini mkono wake ulikigeuza kifuniko kabla hajaambiwa kwamba chini kuna kitu. Shangazi akautazama ule mkono, kisha akanitazama mimi. Nani mwingine pale nyumbani alishinda na simu akipiga picha?

Wageni walipoondoka nilimfuata Shangazi nikamwamkia. Aliitika marahaba, kisha akasema:

"Ile nyota nyeusi ni Doto."

Doto ni pacha wa Kulwa. Alifariki wangali wachanga, na nyumbani hakutajwa.

"Miaka yote mdomo ulikuwa mzito," alisema. "Nikasema nitamwonyesha Kulwa kwa nyuzi, tulie pamoja, nipumue. Kumbe, kaniambia mwenyewe, ameshalia peke yake Isaka, ameshika simu, malori yanapiga honi."

"Lakini Shangazi, picha haikupunguza kitu kwenye kapu."

"Kapu halijapungua, baba. Nimepungua mimi."

Nilizoea kushinda mabishano, mwanangu. Hapo nilitoa simu mfukoni. Picha nilizifuta, ila maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, piga picha. Siungani na wanaosema mtandao ni shetani. Kazi za mikono ya mama zetu zinastahili kufika mbali, zikiwa katika mwanga mzuri, na jina la msukaji likiwa chini yake. Lakini kwanza keti naye. Muulize kazi ameifanya kwa ajili ya nani, na nani anapaswa kuiona wa kwanza. Akikwambia subiri, subiri, hata kama hakukupa sababu. Nakwambia mimi, niliyedai sababu ya kila kitu.

Mungu akupe macho ya kuuona uzuri, mwanangu, na mkono unaojua kurudishia kitambaa.