Mafuta ya Nazi Kwenye Breki za Tingatinga

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kujisifu kwangu kuko karibu zaidi. Asiyejua hilo hataelewa ilikuwaje nikatia mafuta ya nazi kwenye breki za tingatinga.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Mzungu mmoja mwenye shamba kule Diani alikuwa amefunga virago akaenda zake kwao, akaacha tingatinga lake kuukuu: mbele koleo la kuzolea mchanga, nyuma mkono mrefu wa kuchimbia. Serikali ikalichukua. Gereji yetu ya serikali pale Ukunda nayo ilikuwa imebaki bila mkubwa, na kile kiti nilikitaka, sitaficha. Afisa mpya, kijana wa kutoka bara, akaniambia wazi: "Fundi, hii mashine breki zimekufa. Itengeneze, uipandishe Kwale ichimbe msingi wa ofisi mpya, halafu uishushe ule mlima salama. Ukiweza, gereji ni yako. Ukishindwa, nitaomba mtu Nairobi."

Mtu Nairobi! Nilitoka mle ofisini nikitweta.

Nilifungua magurudumu, nikasugua kutu, nikabadilisha mipira ya ndani ya breki, kila kitu kikakaa sawasawa. Kilichokosekana ni mafuta ya breki. Yaliagizwa Mombasa, hayakuja. Nami nilishawahi kumsikia yule mzungu akisema mafuta yale asili yake ni mbarika. Ala! Mbarika, huu unaojiotea jalalani? Ikiwa mbarika wafaa, nazi je? Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza apike mafuta yake ya nywele, chupa mbili safi. Nilimbembeleza akanipa moja. Ya pili nikajichukulia mwenyewe.

Wallahi, breki zilishika! Jua la Diani kali, tingatinga nikalikimbiza na kulisimamisha mpaka watu wakachoka kutazama. Nikapanda mlima wa Kwale nikiimba, nikaliegesha mbele ya ofisi, jiwe chini ya gurudumu, likalala hapo.

Sasa, asubuhi ya mwezi wa saba kule mlimani si asubuhi ya Diani. Kulikuwa na umande na kibaridi cha kumfanya mtu atafute koti. Makarani walitoka kutazama, afisa mbele yao. Nikawasha, nikaamuru jiwe liondolewe, tingatinga likaanza kuteremka polepole. Nikakanyaga breki. Pedali ngumu, haiendi. Nikaisimamia kwa miguu miwili, wapi! Chuma kinakwenda, makarani wanatawanyika na mafaili yao. Nikateremsha koleo la mbele, likalima bustani ya maua ya ofisi mwanzo hadi mwisho, ndipo tukasimama. Hakuna aliyeumia ila maua.

Niliruka chini nikifoka, nikimlaumu kila mtu isipokuwa mwenyewe. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mlikuwa na kitu cheupe, kimeganda kama samli. Mama aliyekuwa akiuza mahamri pale nje akaja kuchungulia, akanusa.

"Mwanangu," akasema, "mbona chuma chako chanukia bibi harusi? Haya si mafuta ya nazi? Sisi huku msimu huu hata kichwani hatuyatii mpaka tuyaanike juani kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Aliniuliza polepole, "Ni yule mzungu, sivyo? Alitia hii kitu makusudi kabla aende, atuharibie?"

Lo! Jibu alishanipa, kilichobaki ni kuitikia tu. Siku zile kila mtu angeliamini jambo hilo, na mzungu mwenyewe yuko ng'ambo, hasikii. Mtu wa Nairobi nilimwona kabisa, amekaa kwenye kiti changu. Lakini nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Hapana, bwana," nikasema. "Ni mimi. Mafuta ni ya mke wangu."

Akageuka akaingia ofisini. Nikajua nimekwisha.

Nilishuka Likoni kwa basi, nikavuka kwa feri hadi Mombasa, nikarudi na kopo la mafuta ya breki yenyewe. Mabomba nikayaosha kwa spiriti, mipira iliyovimba nikaitupa. Kesho yake nikachimba msingi kutwa nzima bila kumtazama mtu usoni. Kushuka mlima nilingoja kibaridi cha asubuhi iliyofuata, nisije nikajidanganya tena. Afisa akatoka na suti yake, akapanda, akakaa juu ya bamba la gurudumu, ubavuni mwangu.

"Bwana, afadhali utangulie kwa gari," nikamwambia.

"Twende," akasema.

Tuliushuka mlima wote, kona kwa kona, yeye macho ameyafumba na vidole amevikaza begani kwangu. Kila nilipokanyaga, breki zilishika. Tulipofika Kombani, chini ya mlima, aliteremka, akatoa mfukoni barua ya kunipa gereji, akaiweka juu ya boneti na kutia sahihi.

"Mtu wa Nairobi angejua mafuta ya breki," akasema. "Lakini juzi nilipouliza, sijui yeye angenijibu nini."

Nikaipokea kwa mikono yangu michafu, na mimi mtu mzima na ndevu zangu, nikalia pale barabarani watu wakinitazama.