Kisigino cha Babu Kanti

Jamani, kuna aibu ambayo ukiikumbuka umekaa peke yako unajikuta umejifunika uso, na ya kwangu ilinipata wodini, mbele ya daktari, matroni na wanafunzi wa uuguzi, tena niliitafuta mwenyewe.

Mimi ni nesi kwenye hospitali moja huku Ilala, na wodi yetu nzima ina kompyuta moja (ukiikuta wazi unaikimbilia kama siti ya basi la mwendokasi pale kituo cha Gerezani). Kila asubuhi tunawageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, tunawakagua vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, kisha tunajaza kwenye mfumo. Siku hiyo mtandao unasuasua, wenzangu wanaguna nyuma yangu, nikaona isiwe tabu, nikanakili maelezo ya mgonjwa wa kitanda cha pili nikayabandika kwa Babu Kanti hata kabla sijamgeuza, nikijiambia nitarekebisha baadaye. Hiyo baadaye sikuikumbuka tena.

Babu Kanti alikuwa muuza vitambaa Kariakoo, Mhindi mzaliwa wa Msimbazi, Kiswahili chake kinakushinda wewe, na nilimpenda kama babu yangu wa kunizaa.

Daktari akafika kitandani kwake na kishikwambi, akasoma kwa sauti: "Kidonda kisigino cha kushoto, kinaendelea vizuri. Nesi, hebu tukione."

Mimi huyo, kwa kujiamini, nikafunua shuka. Kushoto hakuna mguu! (Ulikatwa mwaka jana kwa sababu ya sukari, na ni mimi niliyekuwa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila siku.)

"Binti," Babu Kanti akasema taratibu, "ukikutana na huo mguu, nisalimie."

Wodi ikaangua kicheko, hadi yule wa dirishani aliyekatazwa kucheka kwa ajili ya mshono. Badala ya kunyamaza nikajitia kujitetea: "Samahani dokta, nilimaanisha wa kulia." Daktari akauinua wa kulia. Kisigino laini kama cha mtoto mchanga.

Matroni peke yake hakucheka. "Mgeuze," akasema.

Tukamgeuza, na pale chini ya mgongo, karibu na makalio, ngozi ilikuwa imeiva, imeanza kuchubuka.

"Babu, mbona hukuniambia?"

"Wewe ni sawa na mjukuu wangu. Nitaanzaje kukuambia habari za huko?"

Nikaandika upya huku machozi yananitoka, matroni kasimama nyuma yangu, na Babu Kanti ndiye aliyenitetea: "Matroni, usimkaripie sana. Huyu ndiye anayenipa shikamoo kabla ya sindano."

Kuanzia hapo nilimgeuza, nikamsafisha, nikambembeleza alale ubavu, yeye ananinung'unikia na kunichekesha, mpaka kidonda kikafunga na binti yake akaja kumchukua.

Wenzangu wananitania mpaka leo, na hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba mzee wa watu alikuwa akiumia kimya kimya wakati mimi nimeshaandika anaendelea vizuri. Sasa hivi foleni ya kompyuta iwe ndefu vipi, mtandao ugome unavyotaka, simwandikii mtu neno kabla sijamgeuza na kumuuliza, tena kwa upole, wapi panauma.